Kobe wa Seymour Papert

Ewe msomaji, huenda wewe pia umepata kuunda gari la waya. Basi waijua kazi yake: kuokota waya, kuunyosha kwa jiwe, kuupinda ukawa bodi na ekseli, kukata magurudumu katika malapa makuukuu, na mwisho kutia ule waya mrefu wa usukani ili ulisukume gari nawe umesimama wima. Tena gari lilipokataa kupiga kona hukulia, bali ulichuchumaa ukatazama ni wapi palipokosewa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilimnyang'anya kijana mmoja gari la namna hiyo katikati ya somo la hesabu, nikalifungia kabatini. Siku hiyo tulikuwa tukisoma pembe. Sikuona kwamba jambo nililohangaika kumweleza kwa chaki alikuwa nalo mkononi, katika usukani. Nililifahamu baadaye, niliposoma habari za Seymour Papert.

Papert alizaliwa mwaka 1928 mjini Pretoria, Afrika Kusini. Tangu utoto alipenda gia za motokaa, yaani magurudumu yenye meno yanayozungushana. Alizichezea hata akaweza kuziona akilini mwake zikizunguka pasipo kuzigusa, na shuleni akaifahamu hesabu ya kuzidisha kwa kuziwaza gia zake. Alipokuwa mtaalamu wa hesabu alikwenda Geneva mwaka 1958, akafanya kazi na Jean Piaget, mwanachuoni aliyechunguza jinsi watoto wanavyojijengea maarifa wenyewe. Kisha mwaka 1963 akahamia Marekani, katika chuo cha MIT.

Siku zile kompyuta ilikuwa chombo kikubwa na ghali mno. Wachache waliofikiri kwamba itaingia shuleni walidhani itakuwa mwalimu: itamwuliza mtoto maswali na kumsahihisha. Papert aliligeuza jambo hilo. Alitaka mtoto ndiye awe mwalimu, na kompyuta iwe mwanafunzi. Mwaka 1967 yeye, Wallace Feurzeig, Cynthia Solomon na wenzao walitunga lugha nyepesi ya kuiamuru kompyuta, wakaiita Logo. Na mwaka uliofuata ikaanza kufundishwa katika shule moja ya mji wa Lexington, Massachusetts.

Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 13, ambaye sarufi haikumwingia kamwe. Alitaka kompyuta itunge maneno kama ya ushairi kwa kuyaokota ovyo. Ikatunga upuuzi mtupu. Ndipo alipolazimika kuyatenga maneno, majina upande huu na vitenzi upande ule, akang'amua ghafula kwa nini walimu huyagawa hivyo. (Fikiri kama angalikuwa akiandika Kiswahili! Ingalimbidi kuifunza mashine ngeli zote, isije ikasema "kiti limevunjika".)

Miaka ya 1970 ilipoanza, akaja kobe. Alikuwa mashine ndogo yenye gamba la mviringo na magurudumu, ameungwa na kompyuta kwa kamba ndefu ya waya, na tumboni ana kalamu ya kuchorea sakafuni. Ukimwambia aende mbele 100 kisha ageuke kulia digrii 90, akarudia hayo mara nne, atakuchorea mraba. Sasa mwamuru achore pembetatu yenye pande sawa. Wengi huandika: mbele 100, kulia 60, mara tatu, maana daftari lasema kila pembe ya umbo hilo ni digrii 60. Kobe hutii, lakini mchoro haufungi. Hubaki wazi kama bakuli. Nenda uwanjani uyatembee mwenyewe mwendo huo, utaona kosa liko wapi. Kobe hapimi pembe iliyo ndani ya umbo; hugeuka kutoka kule alikokuwa akielekea, na kugeuka huko ni digrii 120. Wala mchoro ule ulioharibika si wa kutupwa: mwache kobe arudie mara sita badala ya tatu, nawe umepata umbo la pande sita ambalo hukulitafuta.

Papert aliyaeleza hayo katika kitabu chake, Mindstorms, cha mwaka 1980. Jina hilo kampuni ya LEGO ililichukua mwaka 1998 kwa vipande vya kuundia roboti, vyenye mota na kompyuta ndogo. Mwaka 1982 alishiriki pia katika jaribio la kuwapelekea watoto wa Dakar, Senegali, kompyuta zenye Logo. Alifariki mwaka 2016. Nchini Kenya mtaala wa kuwafundisha wanafunzi kuandika programu uliidhinishwa mwaka 2022, nami nahofia jambo moja tu, kwamba sisi walimu tutaugeuza kuwa maneno ya kunakili ubaoni.

Gari lile la waya nililirudisha siku ya kufunga shule. Gurudumu moja lilikuwa limeng'oka humo kabatini. Kijana aliligeuza chini juu, akalitazama, kisha akaniuliza kama nina koleo.