Marcion na Fedha Zilizorudishwa

Wengi wetu hudhani ya kuwa mwalimu wa uongo huja na maneno ya kumtukana Mungu, hata mtoto aweza kumtambua kwa mbali. Kama ingekuwa hivyo, kazi ya wachungaji ingekuwa nyepesi. Nataka kuwasimulia habari za mtu wa zamani aliyeingia kanisani mikono yake imejaa.

Jina lake Marcion, mwenyeji wa Sinope, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, naye alikuwa tajiri mwenye merikebu. Alifika Rumi kama mwaka 140 baada ya kuzaliwa Kristo, akajiunga na Wakristo wa mji ule, akawatolea sadaka ya sestersi 200,000. Mshahara wa askari wa miguu siku zile ulikuwa sestersi 1,200 hivi kwa mwaka. Basi hesabuni wenyewe. Ni wajane na mayatima wangapi waliweza kulishwa kwa mali ile!

Upotevu wake ulianza kwa swali. Alisoma Agano la Kale, akaona vita na hukumu; akasoma Injili, akaona rehema. Yawezekanaje kuwa Mungu ni yeye yule mmoja? Swali hili si la mpumbavu. Wanafunzi wangu wameniuliza mara nyingi, wala siwakemei. Kosa lilikuwa katika jibu. Marcion alifundisha kwamba miungu ni wawili: Mwumba wa ulimwengu, mwenye haki lakini mkali, na Baba mwema, asiyejulikana na mtu hata Yesu alipomdhihirisha. Naye Yesu, kwa mafundisho yake, hakuzaliwa na mwanamke.

Sasa tazameni jinsi alivyolithibitisha neno hili. Hakuleta Injili ngeni, bali alipunguza iliyokuwako. Agano la Kale lote alilikataa. Katika Injili alibakiza ya Luka peke yake, tena bila habari za kuzaliwa kwa Bwana. Katika nyaraka za Paulo alipokea 10, na humo akaondoa maneno yaliyomtaja Ibrahimu kuwa baba wa waaminio. Andiko likimpinga, alisema limeharibiwa na watu walioipenda mno torati. Mtu wa namna hii ni vigumu kumshinda kwa hoja, maana kila shahidi anayemkanusha humtoa barazani.

Mwaka 144 Kanisa la Rumi lilimtenga, likamrudishia fedha zake zote. Mimi hustaajabia tendo hilo la pili kuliko la kwanza. Wangaliweza kusema, sadaka ikiisha kutolewa ni mali ya Mungu. Walakini hawakutaka kuwa wadeni wake.

Marcion hakunyamaza, akaanzisha makanisa yake mwenyewe. Kama mwaka 180 Irenaeus, askofu wa Lyon, alieleza kwa nguvu kwamba Injili ni nne, wala si moja. Baadaye Tertullian wa Carthage aliandika vitabu vitano juu ya Marcion. Vitabu vya Marcion mwenyewe vimepotea, nasi twamjua kwa maneno ya wapinzani wake, ambao hawakumhurumia. Kwa hiyo imetupasa kusema kwa hadhari. Hata wao walikiri kwamba wafuasi wake walifunga sana, tena wako waliouawa kwa ajili ya jina la Kristo.

Karibu na Dameski limeonekana jiwe la nyumba yao ya kukutania, lenye tarehe ya mwaka 318 au 319. Ni katika maandishi ya zamani kabisa yenye tarehe yanayotaja nyumba ya ibada ya watu wa Kristo, nalo lamwita Yesu Bwana na Mwokozi. Ndiyo sababu Cyril wa Yerusalemu, alipowafundisha wanafunzi wa ubatizo kama mwaka 350, aliwaonya kwamba wakifika mji wa kigeni wasiulize tu nyumba ya Bwana iko wapi, wala kanisa liko wapi, bali waulize liko wapi Kanisa Katoliki, lile la ulimwengu wote.