Spea tairi: swali la tangu 1904

Wadau, mwaka jana tulipata pancha usiku ndani ya hifadhi ya Mikumi. Tulikuwa kwenye kosta ya kukodi, tunarudi Dar kutoka msibani Iringa. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi ile, kwa hiyo kushuka na kunyoosha miguu si jambo la busara. Dereva alikuwa na jeki, alikuwa na spana, na spea tairi alikuwa nayo. Akaishusha, akaigonga kwa ngumi, akanyamaza. Haikuwa na upepo.

Tuliokolewa na dereva wa lori aliyesimama na kutugawia upepo kwa mpira kutoka kwenye tangi la breki zake. Wakati tunamsubiri Mungu alete mtu, nikajiuliza: hivi hiki kitu kilianza lini?

Magari ya mwanzo hayakuwa na spea. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, alitengeneza tairi la upepo mwaka 1887 kwa ajili ya kibaiskeli cha mwanawe. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Michelin wakaliingiza kwenye mashindano ya magari ya Paris, Bordeaux na kurudi. Raha ikaja na karaha yake. Barabara zilikuwa za farasi, zimejaa misumari ya kwato. Gurudumu lenyewe lilikuwa halifunguki kirahisi, kwa hiyo ukipata pancha unalibandua tairi palepale, unaziba tyubu, unapampu kwa mkono, mvua inakunyeshea.

Mwaka 1904 Thomas na Walter Davies, ndugu wenye duka la vifaa vya chuma huko Llanelli, Wales, wakaja na dawa: rimu isiyo na spoku, imevishwa tairi lililokwisha kujazwa upepo. Unaifunga kwa vibanio ubavuni mwa gurudumu lenye pancha, unaondoka. Mtaa wao uliitwa Stepney, na kitu kikachukua jina la mtaa. India hadi leo spea tairi inaitwa stepney. Baadaye magurudumu ya kufunguliwa yakaenea, tukaanza kubeba gurudumu zima.

Sasa tunarudi tulikotoka. Magari mengi mapya yanauzwa bila spea. Unapewa kopo la dawa ya kuziba na kipampu cha umeme. Ubishi mkali zaidi uko Marekani, kwa wenye magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani. Makubwa yake kwa kawaida hayaji na spea. Sababu inaeleweka: tairi moja lina uzito wa zaidi ya kilo 45, na ukishalibeba, utalinyanyua na nani? Wengi hulipia huduma ya uokoaji na kupiga simu. Wengine hubeba tairi tupu bila rimu, maana fundi anaweza kufika porini lakini saizi yako asiwe nayo.

Mimi naona hao wa mwisho wameelewa historia. Akina Davies walitatua shida ya mtu aliye mbali na msaada. Kama unazunguka mjini, simu inatosha. Kama unalala jangwani mtandao hakuna, beba, hata kama huwezi kulifunga mwenyewe.

Ila kubeba hakutoshi. Siri ya Stepney ilikuwa upepo uliojazwa kabla ya safari. Tairi huzeeka hata likikaa tu. Angalia tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwake: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Siku hizi nikipanda gari la safari ndefu namuuliza dereva swali moja tu. Simuulizi kama spea ipo. Namuuliza: "Kaka, spea ina upepo?" Wengine hucheka. Wengine hushuka kwenda kuigonga.