Mali kauli katika bonde lisilo na farasi

Uingereza na Marekani, ambako kupanda farasi ni mchezo wa familia nyingi zenye nafasi, tandiko la ngozi lililotunzwa vizuri humzidi farasi wake umri, na buti za mtoto humbana kabla hazijachakaa. Ndiyo maana huko kuna maduka yanayouza vifaa vilivyotumika bila kuvinunua kwanza. Mwenye tandiko analiacha dukani kwa bei waliyokubaliana. Likiuzwa, mwenye duka anakata fungu lake. Lisipouzwa, mwenyewe analichukua. Ifakara, mji wa Bonde la Kilombero kusini mwa Tanzania, haijapata kuhitaji duka la namna hiyo, lakini utaratibu wenyewe hauna ugeni kwa mtu yeyote wa sokoni: ni mali kauli. Wengi huuona kuwa zao la mitumba ya miaka ya 1980, au dalili tu ya watu kukosa mtaji. Ukiifuata historia ya Bonde la Kilombero, unaona mizizi mirefu zaidi. Mali kauli ni jibu la mahali ambapo mzigo ulibebwa na binadamu, mtaji ulikaa mbali, na sheria haikumsaidia aliyeamini mwenzake.

Tuanze na farasi asiyekuwepo. Sehemu kubwa ya kusini mwa Tanzania ilikuwa nchi ya mbung'o, na ugonjwa wa nagana haukumwacha mnyama wa mizigo aishi. Mwaka 1866 Livingstone alipanda kutoka pwani ya kusini akiwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, akitaka kujua ni yupi atakayestahimili mbung'o, lakini hawakudumu. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, nao wakafa mwanzoni kabisa mwa safari. Katika Kilombero mbung'o wa misitu ya miombo walipata mwenzao: mafuriko ya kila masika, yanayogeuza bonde kuwa maji matupu. Waliolimudu bonde hilo ni wenyeji wake, Wandamba, kwa mitumbwi yao, na nchi kavu ilikuwa kazi ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Mahali pa namna hiyo kila kipande cha kitambaa kilichofika kilikuwa kimekwisha kugharimu jasho la watu wengi. Aliyekuwa na uwezo wa kulipa gharama hizo zote kabla ya kuuza alikuwa adimu.

Kwa hiyo biashara ya bara ilijengwa juu ya mali ya mwingine. Matajiri wa Unguja, wengi wao wenye asili ya India, walitoa vitambaa na shanga kwa viongozi wa misafara, na malipo yakaja baadaye kwa pembe za ndovu. Taria Topan alimdhamini Tippu Tip kwa njia hiyo. Hapa mpinzani atasema, tena kwa haki, kwamba huo ulikuwa mkopo: aliyechukua alidaiwa hata mali ikizama mtoni, na biashara yenyewe ilichanganyika na utumwa. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Katika mali kauli, bidhaa isiyouzwa hurudi, na hasara ya kukosa mnunuzi humwangukia mwenye mali. Lakini misafara iliacha kitu kimoja kilichodumu, nacho ni mazoea ya kumkabidhi mtu bidhaa kwa kuangalia jina lake, watu wanaomfahamu na hesabu aliyorudisha safari iliyopita.

Mazoea hayo yalipata nguvu zaidi chini ya Waingereza, kwa sababu ambayo watunga sheria hawakuikusudia. Sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika, iliyotungwa mwaka 1923 na kurekebishwa mwaka 1931, ilifanya deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika lisidaiwe mahakamani pasipo kibali. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumlinda mkulima asinaswe na madeni. Matokeo yake ni kwamba mlango wa mkopo wa wazi ulifungwa, na mwenye duka aliyetaka bidhaa yake ifike vijijini alibaki na kinga moja tu: kumjua vizuri anayemkabidhi.

Baada ya uhuru dola ilijaribu kuiweka biashara yote mikononi mwake. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka binafsi ili ya ushirika yachukue nafasi, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulifuatia miaka ya uhaba mkubwa wa nguo. Milango ilipolegezwa mwaka 1984, mitumba ilikuta njia imekwisha kujengwa: reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970 na kupita Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Mwanahistoria Jamie Monson ameonyesha jinsi wafanyabiashara wadogo walivyoitumia treni hiyo kupeleka mchele na ndizi na kurudi na bidhaa. Mwenye balo hakuweza kumfikia kila mnunuzi katika vijiji vya reli. Balo likifunguliwa, vijana huchagua mashati, yanahesabiwa na kuandikwa kwenye daftari, kila moja na bei ya mwenye mali. Kinachopatikana zaidi ya bei hiyo ni cha juu, haki ya muuzaji. Jioni, au siku ya mnada ikiisha, hesabu inaletwa pamoja na yaliyobaki.

Kama kuna kitu kilichokaa mahali pa tandiko katika bonde hili, ni baiskeli. Haiogopi mbung'o, na kwenye njia tambarare hubeba gunia la mpunga, mkaa au mgonjwa. Raleigh, Phoenix, Swala zilizoundwa Dar es Salaam na baadaye baiskeli za mitumba kutoka Japani zimepita mikononi mwa watu watatu, wanne. Mwenye kuuza anamwachia fundi na kutaja bei yake. Fundi ananyoosha ringi, anabadilisha mnyororo, anakaza keria, kisha anatafuta mnunuzi, hasa baada ya mavuno pesa inapoonekana. Fundi naye anaishi kwa cha juu. Tofauti na duka la matandiko ni mahali fungu linapokatwa tu.

Kuna wanaosema utaratibu huu humnyonya muuzaji mdogo, kwa kuwa mwenye mali ndiye apangaye bei. Tuulinganishe na desturi nyingine ya bondeni, ya kuuza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa. Huko mnyonge hubeba hasara kabla ya kuvuna. Katika mali kauli mwenye mtaji ndiye anayengoja. Wengine husema ni biashara nje ya sheria. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua mapatano ya mdomo, na ina vifungu kuhusu wakala na kuhusu mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake. Kinachopungua ni ushahidi, na daftari pamoja na ujumbe wa malipo ya simu huanza kuuleta. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba mali kauli huwabagua wageni, kwa kuwa asiyejulikana hapewi. Hiyo sina jibu la kuifuta, ila dhamana ya hati za nyumba inayodaiwa na benki hubagua wengi zaidi, wakiwemo wenyeji. Anayetaka kukopesha wafanyabiashara wa Ifakara leo asianze na hati hizo. Aulize nani amewahi kumpa mwombaji mali kauli, mara ngapi, na hesabu ilirudije.