Husuni Kubwa na Mfano Wake wa Kompyuta

Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mashariki ya mji wa kale, juu ya genge linaloitazama bahari, yapo magofu ya jumba ambalo katika zama zake halikuwa na kifani katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Jina lake ni Husuni Kubwa. Neno husuni asili yake ni Kiarabu, nalo maana yake ni ngome. Walakini jumba hili lilikuwa kasri la mfalme na ghala ya biashara yake zaidi ya kuwa boma la vita. Lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa mwanzoni mwa karne ya 14, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa nasaba ya Mahdali, ambaye jina lake limeonekana limechongwa katika jiwe humo humo jumbani.

Jumba lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua pana, ukumbi wa baraza, kuba, na birika la kuogea lenye pande nane. Mali iliyolijenga ilitokana na dhahabu ya bara iliyopitia Sofala. Sultani huyo alipiga sarafu za shaba zenye jina lake, na moja yao imepatikana mbali sana, katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Pamoja na utajiri wote huo, kasri halikukamilika, wala halikukaliwa muda mrefu.

Ibn Battuta aliifikia Kilwa mwaka 1331, akausifu mji na ukarimu wa mfalme wake. Ajabu ni kwamba maandishi yake, kama yalivyotufikia, husema nyumba za mji zilikuwa za miti, na juu ya kasri hayasemi neno. Lau historia ingetegemea kalamu ya msafiri peke yake, Husuni Kubwa isingalijulikana kabisa. Jumba hili limejulikana kwa jembe na kwa kipimo. Neville Chittick alilifukua katika kazi yake ya Kilwa, ambayo kitabu chake kilitoka mwaka 1974. Na Peter Garlake, katika kitabu chake cha mwaka 1966, alichora ramani za majengo ya kale ya pwani, na jumba hili miongoni mwao.

Wataalamu hao walipima kwa utepe na kuchora kwa mkono. Kazi yao ilikuwa njema. Lakini mchoro huonyesha kile tu ambacho mchoraji alikiona kuwa na maana. Ufa asioujali hauingii katika karatasi. Katika karne hii imekuja njia nyingine. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioanzishwa na Profesa Heinz Rüther, umepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa mashine za leza na kwa picha. Mashine husimamishwa juu ya miguu mitatu. Hutupa mwale ukutani, nao ukirejea, umbali huhesabiwa. Kila mwale huacha nukta moja, na nukta hizo hufika mamilioni. Kwa kuwa mashine haioni nyuma ya ukuta, haina budi kuhamishwa kutoka chumba hata chumba, na kila kituo kione sehemu ya kile kilichoonwa na kituo kilichotangulia, ili vyote viungwe pamoja. Kisha nukta hufungamanishwa kuwa pembetatu ndogo ndogo, picha hutia rangi, na gofu zima huonekana katika kompyuta likiwa na nyufa zake zote.

Hadi hapo kazi ni ya kupima. Mtihani huanza pale mtu anapotaka kuliinua jumba kama lilivyokuwa, au kama lilivyokusudiwa kuwa. Mambo mengine yana ushahidi. Upana wa chumba cha pwani ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ndiyo sababu vyumba vingi ni virefu na vyembamba, na upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Kwa hiyo dari bapa yaweza kurudishwa kwa haki. Mengine hayana ushahidi kama huo: nakshi za mlango uliooza, rangi ya pazia, idadi ya watu waliokaa barazani. Zaidi ya hayo, mtu aweza kukamilisha katika kompyuta kile ambacho Sultani mwenyewe hakukikamilisha. Penye shaka mchoraji wa zamani aliweka mstari wa nukta nukta; kompyuta hung'arisha ukuta uliopimwa na ukuta uliodhaniwa kwa nuru moja. Kwa ajili hiyo wataalamu walikubaliana katika Mkataba wa London, uliotolewa katika sura yake ya sasa mwaka 2009, kwamba mtazamaji aonyeshwe wazi kipi ni ushahidi na kipi ni dhana.

Kadhalika liko jambo la majina. Wenye nyumba za mawe za Lamu wanayo maneno yao: daka, kiwanda, msana, ndani, zidaka. Ni haki mfano wa jumba la Waswahili usemwe kwa Kiswahili. Walakini kuubandika mpango wa nyumba za Lamu za karne ya 18 juu ya kasri la Kilwa la karne ya 14 ni dhana pia, na yapasa itajwe kuwa dhana.

Kazi hii haiwezi kungoja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia mwaka 2004 hadi 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakiila pwani na mimea ikipasua kuta. Na yaliyotokea Unguja ni onyo kubwa. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliokoka mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa kutengenezwa, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka, na watu wawili wakafa. Jengo likisha kuanguka, fundi hana cha kufuata ila vipimo vilivyochukuliwa lilipokuwa limesimama.

Basi mfano wa kompyuta hauwi badala ya jumba, kama vile hati haiwi badala ya shamba. Lakini mwenye hati aweza kudai mpaka wake. Asiye nayo hudai kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hufa na wenyewe. Husuni Kubwa ilinyamaziwa na msafiri aliyefika mlangoni pake. Heri isinyamaziwe tena, wala isisemewe yasiyokuwamo.