Amri ya Jumapili na Jiko la Udongo

Akiba ya nguvu, ziwe za kuni, makaa, mafuta au umeme, ni jambo linalosifiwa na wote na kutendwa na wachache. Serikali huisifu wakati wa dhiki, na raia huisifu wakati wa kulipa. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza maswali mengine mawili: akiba hiyo ilidumu muda gani, na mzigo wake ulibebwa na nani? Makala haya yanakusudia kuyapima maswali hayo kwa habari za miaka iliyofuata 1973, kwa kuwa katika miaka hiyo mataifa makubwa na madogo yalilazimika kujifunza somo moja kwa wakati mmoja.

Vita baina ya Waarabu na Israeli vilianza tarehe 6 Oktoba 1973. Siku kumi na moja baadaye nchi za Kiarabu zenye mafuta zilikutana Kuwait zikaamua kupunguza uchimbaji, na punde zikayanyima mafuta mataifa yaliyohesabiwa kuwa upande wa Israeli, Marekani na Uholanzi yakiwa miongoni mwao. Pipa lililouzwa kwa dola 3 hivi kabla ya vita lilikaribia dola 12 mwezi wa Januari 1974. Bei hiyo haikuchagua rafiki wala adui. Nchi changa za Afrika ya Mashariki, ambazo hazikuwa na neno katika ugomvi ule, ziliilipa kwa fedha za kigeni zilizopatikana kwa kahawa, pamba na katani.

Dawa ya kwanza iliyotumiwa ilikuwa amri. Uholanzi ilikataza motokaa barabarani siku za Jumapili kuanzia tarehe 4 Novemba 1973, na watu wakapita kwa baiskeli na farasi katika njia kuu zilizokuwa tupu. Ujerumani ya Magharibi ilifanya vivyo hivyo kwa Jumapili nne. Tanzania nayo, katika miaka hiyo ya 1970, ilizuia motokaa za watu binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana. Katika Uingereza, ambako mgogoro wa wachimba makaa ya mawe uliongezeka juu ya ule wa mafuta, viwanda vingi viliruhusiwa umeme siku tatu tu kwa juma, tangu tarehe 1 Januari hadi tarehe 7 Machi 1974. Waziri mmoja aliwashauri wananchi wapige mswaki gizani. Muda si muda magazeti yakatangaza kwamba nyumbani kwake taa zilikuwa zikiwaka.

Marekani ilitunga sheria, iliyotiwa sahihi tarehe 2 Januari 1974, kwamba mwendo wa motokaa usizidi maili 55, yaani kilomita 88 hivi, kwa saa. Sheria hiyo ilikuwa na msingi katika elimu. Mwendo ukizidi mara mbili, hewa huizuia motokaa kwa nguvu zilizozidi mara nne, na nguvu hizo hulipwa kwa petroli. Hata hivyo madereva wengi waliivunja, ikalegezwa mwaka 1987 na kufutwa kabisa mwaka 1995.

Kwa nini amri hizi hazikudumu? Si kwa sababu zilikuwa za kipumbavu. Zilimtaka mtu ajinyime upya kila siku, na mtu huchoka, hasa akiona kwamba aliyemwamuru hajinyimi. Hata hivyo si haki kuzidharau. Zilizindua fikira. Huko Uholanzi dhiki ya mafuta iliungana na kilio cha wazazi juu ya vifo vya watoto barabarani. Jumapili zile zilikwisha mapema mwaka 1974, lakini njia za baiskeli zilizojengwa baadaye zingaliko hata leo, na hutumika pasipo amri ya mtu.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti. Akiba ikitiwa ndani ya chombo, haimngoji mtu akumbuke. Sheria ya Marekani ya Desemba 1975 iliwageukia waundaji wa motokaa badala ya madereva, ikawataka wafikishe wastani wa kilomita 12 hivi kwa lita ifikapo mwaka 1985, karibu maradufu ya motokaa za mwaka 1974. Friji nazo ziliwekewa kipimo, kwanza katika jimbo la California na baadaye nchi nzima. Friji ya kawaida ya Marekani ya katikati ya miaka ya 1970 ilikula kiasi cha uniti 1,800 za umeme kwa mwaka. Mwanzoni mwa karne hii mpya ilikula kama 500, ingawa ilikuwa kubwa zaidi. Mwenye nyumba hakuhubiriwa, wala maziwa yake hayakuharibika.

Mfano ulio karibu nasi zaidi hautoki kiwandani. Katika miji ya Kenya wengi walipikia jiko la bati tupu, ambalo joto lake jingi hupotelea ubavuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika siku zile ambapo Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa nishati mpya mjini Nairobi, Agosti 1981, wataalamu walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulipatanisha na jiko la kienyeji. Likapatikana jiko lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani. Wanawake waliolitumia walieleza kasoro zake, na mafundi wa jua kali wakalirekebisha. Wafinyanzi walifinyanga udongo, wahunzi wakagonga bati, na kila mmoja akapata riziki yake. Jiko hilo hupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50. Katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya majiko 700,000 yalikuwa yakitumika Kenya, na mfano wake uliigwa Tanzania, Uganda na Uhabeshi.

Yuko atakayepinga kwa hoja ya Mwingereza Jevons, aliyeandika mwaka 1865 kwamba mashine zinazotumia makaa ya mawe kwa uangalifu huzidisha ulaji wake, kwa kuwa kazi ikiwa rahisi hufanywa kwa wingi. Hoja hiyo ina uzito. Wamarekani wengi walihamia magari makubwa zaidi, ambayo sheria iliyafungia kwa kamba ndefu. Lakini tusimpime tajiri na maskini kwa mizani moja. Mama anayenunua makaa kwa kopo akibakiza nusu yake, huenda akachemsha maharage ambayo jana hakuweza kuyachemsha. Kuita jambo hilo upotevu ni kusahau akiba ni ya nini.

Basi msomaji anayesikia leo watu wakihimizwa kuzima taa na kupunguza mwendo, na asikie vema, kwa maana akiba haiozi. Lakini na aulize pia kama taa yenyewe, gari lenyewe na jiko lenyewe vimetengenezwa kwa akiba. Jibu likiwa la, mzigo wote umewekwa juu ya yule anayetumia kidogo kuliko wote.