Visu vya Mipini ya Mfupa na Waliovitengeneza

Ukikishika kisu cha mezani cha karne ya 19 chenye mpini wa mfupa, tazama bapa lake karibu na mpini. Ukiona nyota na msalaba wa Malta, hicho ni cha Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza.

Sheffield ulikuwa mji wa visu kwa karne nyingi. Chama cha mafundi wake kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624. Ukoo wa Rodgers ulipata chapa ya nyota na msalaba mwaka 1764, na mwaka 1822 ukateuliwa kumuuzia visu Mfalme George IV. Kwa Maonyesho Makuu ya London ya 1851 walitengeneza kisu kimoja chenye mabapa 75.

Visu vya kawaida vilitiwa mipini ya mifupa ya miguu ya ng'ombe. Matajiri walitaka pembe za ndovu, na Rodgers walikuwa wanunuzi wakubwa. Pembe nyingi za Afrika Mashariki zilifika masoko ya ng'ambo kupitia Zanzibar, baada ya wapagazi kuzibeba mabegani kutoka bara. Kutofautisha mfupa na pembe si vigumu: mfupa una vidoa na vistari vyeusi, ilimopita mishipa ya damu, ilhali pembe, ukiitazama ilipokatwa, ina mistari inayokatizana kama wavu.

Lakini gharama kubwa ya vyombo hivi ililipwa na wanoaji. Visu vilinolewa kwenye jiwe lenye maji, ilhali uma zilinolewa kavu. Vumbi la jiwe na chuma liliingia mapafuni, na wanoaji wengi wa uma walikufa kabla ya kutimiza miaka 40. Madaktari wa mji huo waliyaandika hayo waziwazi katika miaka ya 1840.

Baadaye vifaa vyenyewe vilibadilika. Mwaka 1913, humohumo Sheffield, mtaalamu wa metali Harry Brearley alitengeneza chuma kisichoshika kutu. Seluloidi, aina ya plastiki, nayo ilikwisha kuanza kuchukua nafasi ya mfupa na pembe.

Aliyerithi seti ya aina hii asiiloweke katika maji ya moto, kwani gundi inayoushika msuka ndani ya mpini huyeyuka. Na anapoisifu mbele ya wageni, asiishie kwenye jina la Rodgers. Awataje pia wapagazi na wanoaji, maana bila wao chapa ile isingekuwa na sifa yoyote.