Henri Pirenne na Dai la Bahari Iliyofungwa

Miongoni mwa wanahistoria wa Ulaya ya Karne za Kati ambao mwanafunzi wa tarehe ya Kiislamu hana budi kuwajua ni Henri Pirenne. Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1862, akasomesha Chuo Kikuu cha Ghent kwa zaidi ya miaka 40. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walioikalia nchi yake walitaka chuo kifunguliwe chini ya amri yao. Alikataa, na mwaka 1916 wakamkamata na kumpeleka kifungoni Ujerumani. Huko alijifunza Kirusi, na bila ya maktaba akaanza kuandika historia ya Ulaya. Alifariki mwaka 1935.

Kitabu chake mashuhuri, Mahomet et Charlemagne, kilitoka mwaka 1937. Dai lake ni hili: makabila ya Kijerumani yaliyoiangusha Rumi ya Magharibi katika karne ya 5 hayakukata biashara ya Bahari ya Kati. Walioikata ni Waislamu, kwa futuhati za karne ya 7 na ya 8. Hoja yake ni kwamba mafunjo ya Misri, viungo, hariri na dhahabu vilitoweka katika nchi ya Wafaranki, Ulaya ikabaki kutegemea kilimo tu.

Je, tulikubali dai hili? Tulipime kwa ushahidi. Ofisi ya Papa iliendelea kuandika juu ya mafunjo hadi karne ya 11. Mfalme Offa wa Mercia, katika Uingereza, alitoa sarafu ya dhahabu iliyoiga dinari ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, ikiwa na shahada kwa Kiarabu. Dirhamu za Waislamu zimefukuliwa Skandinavia kwa makumi ya maelfu. Isitoshe, wachimbuaji wa mambo ya kale wameonyesha kuwa miji na biashara ya upande wa magharibi vilikwisha dhoofika tangu karne ya 6, kabla ya Hijra.

Hata hivyo, uadilifu ni wajibu wetu hata kwa tunayempinga. Pirenne alikosea aliposema bahari ilifungwa. Alipatia alipowafunza wenzake kwamba historia ya Ulaya haifahamiki bila ya Uislamu. Basi mwanafunzi asiikatae kauli kwa kuwa msemaji ni Mzungu, wala asiipokee kwa umaarufu wake. Aulize kwanza: dalili iko wapi?

Wallahu a'lam.